Nani Ameshika Michoro

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na mama anaendelea vizuri na dawa zake. Sisi huku wazima. Mwanangu mdogo ameng'oka jino na anataka kila mgeni alitazame. Nimeamua kukuandikia kwa sababu asubuhi simu yangu huipokei, na jioni unasema umechoka. Isitoshe nina hasira, na nikiwa na hasira kwenye simu huishia kulia.

Ofisi yetu unaijua, uliichorea majengo miaka mingi kabla mimi sijaajiriwa kutunza mashine zake. Tangu mwezi uliopita ile seva inayohifadhi michoro yote, ambayo kila mchoraji anaifikia kutoka mezani kwake, imekuwa ikikwama kabla hata ya chai ya asubuhi. Kumbukumbu inajaa. Meneja alinijia juu mbele ya watu, akasema nalipwa kukaa kwenye kiyoyozi. Nilipomwomba aongeze kumbukumbu, alisema ofisi haina hela za kuchezea. Nipunguze matumizi kabla ya Ijumaa, la sivyo atatafuta mtu anayeijua kazi.

Basi nikachunguza. Kumbe shida si ukubwa wa michoro. Kumbukumbu ya seva si kabati, ni meza ya kufanyia kazi, na kila faili linalofunguliwa linakalia sehemu ya meza mpaka mwenyewe alifunge. Na wachoraji wetu hawafungi! Mchezo wao unaujua: ukiushika mchoro, mwenzako hawezi kuubadilisha. Kwa hiyo wakifika tu, kila mmoja anafungua michoro yake yote, hata ya majengo yaliyokwisha kuezekwa, asije mtu akamgusia ngazi zake. Yule mrefu tunayemwita Rula alikuwa ameshikilia choo cha shule kilichobomolewa zamani. Nilipomuuliza, akasema anajilinda. Anajilinda na nani? Na choo?

Nikaiagiza seva ifunge yenyewe faili lolote lisiloguswa kwa saa nzima. Walininunia, Rula hata salamu akaninyima, lakini mzigo ulipungua. Tatizo ni kwamba haukupungua vya kutosha. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye michoro mingi kuliko wote, na yake ilikuwa haifungiki, kwa sababu aliipitia mmoja mmoja kutwa nzima, akiusogeza kidogo na kwenda kwenye mwingine. Nikaiuliza seva ni nani.

Ni wewe, Baba.

Ile ruhusa ya kuingia kwenye seva uliyopewa ulipostaafu, ili uwape ushauri kwa miezi michache ukiwa nyumbani, hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Nililisoma jina lako kwenye kioo cha kompyuta mara mbili. Nilipokuja kuwaona nilikulalamikia mwenyewe jinsi ninavyotukanwa kwa ajili ya seva hiyo. Ukanipa pole, kisha kesho yake ukarudi kwenye michoro yako.

Leo nimempelekea meneja jibu. Unajua alifanya nini? Alicheka. Akasema kumbe ni Mzee, basi aachwe, Mzee ndiye aliyeijenga ofisi hii, nyongeza ya kumbukumbu itanunuliwa kesho. Kesho! Mimi nimeomba mpaka sauti imenikauka. Wala hakuniomba radhi. Hela zilikuwepo siku zote, ila kwangu mimi zilikuwa hazitoki.

Nimekataa. Nimerudi mezani kwangu nikaiondoa ruhusa yako kwa mkono wangu, nikamwambia meneja kwamba akitaka kuirudisha, anifukuze kwanza. Hajanijibu bado. Michoro yako yote ipo salama, hakuna uliofutwa. Lakini nikwambie jambo lililoniuma kuliko matusi: nimeangalia, na tangu uondoke hakuna hata mtu mmoja aliyejaribu kuibadilisha. Ulikuwa unailinda, na hakuna aliyekuwa anaitaka.

Najua utakasirika. Kasirika, nami nimekasirika. Ila asubuhi ukikaa mezani ukakuta nenosiri lako limekataliwa, tafadhali usimpigie meneja. Nipigie mimi, niwe bado nina kazi au sina. Mimi nitapokea.

Mnisalimie majirani wote, na mama umwambie nguo za mdogo zimemtosha. Mungu awalinde.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba