Bibi Yake Neema

Jumanne

Sina shahidi mwingine ila bosi wangu. Eliya amemkana binti yetu Neema ili asitoe matunzo, na wakili wa msaada wa kisheria anataka mtu wa kwao anayemtambua mtoto. Mtu huyo ni mama yake Eliya, bosi wangu kwenye duka la vitenge Kariakoo.

Leo wateja walipopungua nikamwomba. Alikuwa anamsuka Neema, wala hakuacha.

"Hapa dukani ni mjukuu wangu. Mahakamani simjui. Na ukimshtaki mwanangu, utafute kazi kwingine."

"Bibi, umemaliza?" Neema akauliza.

"Bado, mama. Tulia."

Jioni nimempigia wakili, nikampa jina la mama yake Eliya aitwe mahakamani. Kesho asubuhi dukani lazima nimwamkie bibi huyo. Sijui kwa sauti gani.