Oili Nzito, Asubuhi ya Baridi

Baba watoto,

Sisi hatujambo. Bati la gereji limezibwa, na mwanao wa mwisho ameota meno.

Gari lako la mashindano limeletwa likiburutwa. Nimelifungua: pampu ya oili imevunjika, injini imejisaga kavu. Unauliza kwa nini, wewe bingwa wa madereva. Ile oili nzito uliyoing'ang'ania inakuwa kama gundi asubuhi ya baridi. Ukikanyaga kabla haijapata moto, pampu haistahimili. Miaka yote hukulijua hilo, kwa sababu kila alfajiri niliiwasha injini mimi, taratibu, wewe ukikoroma.

Ulipohamia kwa yule bibie ulibeba ufunguo, ukadhani umebeba gari.

Ni mimi,
mama watoto, fundi.