Baa Yangu Isiyo na Pombe

Muscat, Alkhamisi, Disemba 1970

Leo joto limepoa, alhamdulillahi. Miguu inaniuma, mtoto kanilalia pajani, naandika kwa mkono mmoja. Lakini nna furaha, wacha niseme.

Chumba cha chini ya nyumba sasa ni changu.

Kilikuwa ghala ya tende. Nimekisugua wiki nzima, sakafu ilikuwa inanata. Mlango mkuukuu nimeulaza juu ya masanduku ya chai, nikauvisha kitambaa. Nyuma yake nimepanga chupa za sharubati: ukwaju, tangawizi, waridi. Mume wangu akishuka ngazi hucheka, "Bibie, baa inafunguliwa saa ngapi?" Mamake akimsikia husema astaghfirullahi.

Mavyaa wangu huyo ndiye mwenye nyumba. Yeye alirudi huku zamani, sisi tumefika juzi kutoka Unguja. Alinipa sharti: majirani waje leo. Wakikaa wakafurahi, chumba changu. Wasipokaa, tende zinarudi. Nami nilikitaka sana. Huko juu kote ni kwake, sina hata pembe ya kumkaribishia mtu.

Wakaja wanawake watatu. Nikaanza na kahawa, nikawajazia vikombe mpaka mdomoni. Kwetu usipojaza umefanya choyo.

Wakatazamana. Bi Shamsa, mkubwa wao, akaweka kikombe chini, akavuta shela yake ainuke.

Mavyaa akaninong'oneza kwa Kiswahili, "We mwana we! Ukimjazia mgeni kahawa huku, ushamwambia anywe aende zake!"

Uso ukaniwaka. Lakini sikukimbia. Nilimwambia Bi Shamsa kwa Kiarabu changu kibovu: kwetu kujaza ni mapenzi, ya huku siyajui, nifundishe mama. Nikampa dele, lile birika la kahawa.

Akalipokea. Kisha akacheka mpaka machozi. Akanishika mkono, akanionyesha: unatia kidogo tu, chini ya kikombe, unarudia, unarudia, mpaka mgeni mwenyewe akitikise kikombe kuwa basi. Akaelekeza kidole kwenye chupa ya waridi. "Ile nyekundu sasa," akasema, "ile nijazie."

Walikaa mpaka adhana ya magharibi.

Walipoondoka, mavyaa alisimama katikati ya chumba akitazama huku na huku. Hakunisifu. Alisema tu, "Mkeka mmoja hautoshi. Kesho shusha na ule wangu."

Nimechoka, wallahi. Kesho mtoto akilala nitalala naye kidogo, kisha nitwange tangawizi nyingine. Leo imekwisha yote.