Jeni za Mihogo ya Nyangezi

Jumatatu, 7 Oktoba
Umeme umerudi. Siku nzima naandika kazi ya kila jeni ya muhogo: hii ya sukari, hii ya kuta za seli, hii haijulikani. Inachosha. Naipenda. Kwenye kompyuta, jeni ambazo kazi yao hupanda na kushuka pamoja zimeunganishwa kwa nyuzi, mchoro mzima umekuwa kama wavu. Kundi moja kubwa linafanya kazi kwa nguvu kwenye mihogo isiyougua, ya shamba moja la Nyangezi. Kwenye mihogo yenye ugonjwa limenyamaza. Amani, mwenzangu wa utafiti, ndiye aliyekata majani yote kule. Kundi hilo tayari amelipatia jina: kinga. Anatembea maabara nzima akiimba.

Jumatano, 9 Oktoba
Maman Furaha amekuja. Anaongoza wanawake wanaolima Nyangezi. Ugonjwa unaozesha mihogo yao ndani ya udongo, na hawaujui mpaka siku ya kuvuna. Amani amemwambia siri ya lile shamba lisilougua imepatikana. Wanataka kung'oa mihogo yote ya zamani na kupanda vijiti vya shamba hilo. Amani naye anakwenda Kinshasa wiki ijayo, kueleza kwenye mkutano. Nimemwomba angoje programu imalize kulinganisha kundi lile na jeni ambazo kazi yake inajulikana. Amesema nina woga. Ni kweli.

Alhamisi, 10 Oktoba
Programu imemaliza. Nilitegemea itoe jibu: kinga. Imetoa: mwanga. Kutengeneza wanga. Saa ya ndani ya mmea. Nimerudia yote upya. Vilevile. Sikula.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimemuuliza Amani majani aliyakata saa ngapi.
"Ya muzima nilikata asubuyi," akasema. "Ya mugonjwa nilikata mangaribi, juu mvula ilinyesha na njia ilikuwa matope. Sasa iko nini?"
Nikamwonyesha. Jeni zile zinafuata jua. Hatukulinganisha uzima na ugonjwa, tulilinganisha asubuhi na jioni. Lile shamba lisilougua huenda limepona kwa sababu tu ugonjwa haujalifikia.
Alisoma hadi mwisho.
"Nsimire, nitasema nini Kinshasa?"
Alitoka, mvua inanyesha, koti ameliacha kwenye kiti. Nina hasira naye. Namhurumia zaidi.

Jumapili, 13 Oktoba
Misa. Amani hakuja kuimba. Simu hapokei. Sikuomba chochote, nilikaa tu.

Jumatatu, 14 Oktoba
Amani alinipigia asubuhi. Amefuta safari ya Kinshasa. Akasema twende Nyangezi, na kwamba atasema yeye.
Alisema yeye, amesimama mbele ya Maman Furaha, kwa Mashi, lugha ya huko, bila kuzunguka. Kwamba alikosea. Kwamba hatujui kama vijiti vile vitaokoa chochote. Maman Furaha alimsikiliza hadi mwisho.
"Shamba yangu nilishang'oa," akasema. "Nilitaka benzangu baone mufano. Yabo habajang'oa."
Amani alikaa chini, palepale kwenye majani yenye maji. Nilidhani Maman Furaha atatufukuza. Alimwinua kwa mkono.
"Simama, mutoto wangu. Ungekuya kiisha mwezi, tungekuwa tumeng'oa yote."
Akatuma habari kwa wanawake wote: msing'oe.

Jumanne, 15 Oktoba
Tumelala kwa Maman Furaha. Asubuhi tumekata majani upya, Amani shamba lisilougua, mimi lenye ugonjwa, kwa wakati mmoja, tukiwa tunaongea kwenye simu ili asitangulie mtu. Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akicheka tangu Ijumaa. Kidogo tu.

Jumamosi, 14 Desemba
Matokeo ya majani mapya yamefika. Kundi kubwa halipo tena. Limebaki kundi dogo la jeni chache, karibu na zile za kuta za seli. Katikati yake kuna jeni moja inayoshika nyuzi zote, na hakuna mahali popote palipoandikwa inafanya kazi gani. Nimeandika: haijulikani. Nilimwangalia Amani, kama ana jina. Akatikisa kichwa.
Alimpigia Maman Furaha, akamweleza hivyohivyo, kwamba tuna kidogo na hatujakielewa. Alisikiliza kwa muda mrefu, akiitikia ndiyo maman, ndiyo maman.
Maman Furaha amepanda maharage pale alipong'oa mihogo yake. Yameota.