Picha Niliyochapa Moja Tu

Mjomba,

Nimeanza bila shikamoo. Najua, ungekuwa hai ungenirudisha nje ya kizingiti niingie upya kama mtu aliyefunzwa. Lakini leo sina uso wa kukuamkia.

Jana mama alinipa mkoba wako wa ngozi, kwa kuwa mimi mpwa wako ndiye uliyenitaja nirithi jina lako. Kesho ukoo unakaa hapa Mlali, nivishwe bangili yako. Nikafungua mkoba nione ulichoacha. Ugoro, kisu, na picha ya mbega. Mjomba, niliipeleka mlangoni penye mwanga. Picha ile niliichapa moja tu, na sikukupa wewe.

Unakumbuka siku nilipopanda huku kwako na lile sanduku la kupigia picha? Aliniachia yule Mjerumani mpima ardhi niliyekuwa nikimshonea nguo, alipougua akarudi kwao. Mtu mzima mimi, fundi cherehani, mke na watoto, nimekumbatia sanduku kama mtoto na gari la mabua. Mke wangu alisema nimepata wazimu. Wewe ulicheka, kisha ukasema haya, twende. Basi kila nilipofunga cherehani mjini nilipanda kwako. Miaka minane tukajifunza, mimi nikikufunza sanduku, wewe ukinifunza wanyama. Wa kwanza alikuwa kinyonga, maana ndiye pekee aliyekubali kutulia. Ndege wote walitoka ukungu mtupu. Nikikasirika unaniuliza, "Umekuja kuchukua au umekuja kukaa?" Nami nakaa, siafu wananila miguu.

Halafu ukanipeleka kwenye msitu wa tambiko, walikolala wazee wetu, ambako hakuna anayekata hata fimbo. Uliniapisha nisimwambie mtu njia yake. Asubuhi nzima nimejifunika kaniki kichwani nyuma ya sanduku, mpaka mbega wakatusahau. Wakashuka, kumi na zaidi, weusi na mabega yao meupe, na mama mmoja amekumbatia kitoto cheupe pee. Tulipokiosha kioo cha picha kibandani, gizani, rangi zilitoka kinyume kama kawaida yake, wakubwa weupe, kitoto cheusi. "Hee! Wazungu wamezaa Mluguru!" Ulicheka hadi ukakohoa.

Kioo hicho ndicho nilichokichapa kwenye karatasi, juani, nyumbani kwangu. Nikaenda kuringia mjini. Mnunuzi mmoja wa ngozi, Mzungu, aliishika picha, akaitazama sana, akaniita fundi. Akanipa mkono mbele za watu. Mjomba, kichwa kilivimba. Akauliza ni wapi. Sikupigwa, sikutishwa. Nilinyoosha kidole mlimani, nikamweleza mpaka mto wa kuvuka. Tena nikamwachia picha, awaonyeshe wenzake kazi yangu.

Walipanda na bunduki, wakakaa siku tatu. Ngozi zilishuka kwa mizigo, wapagazi wakipita mbele ya kibaraza changu. Niliinamisha kichwa nikashona, nikashona, hadi nikaziba mguu wa suruali ya mtu.

Ukoo ulipokaa kuuliza nani ametoa njia, nilikuwa ubavuni pako, mkeka mmoja. Ukasema, "Mlinzi wa msitu ni mimi. Kosa ni langu." Wakakunyang'anya tambiko. Mvua zilipokaribia wakamwita mtu mwingine atambike, nawe ukabaki mlangoni pako, unasikia ngoma kwa mbali. Nami nilinyamaza! Mpwa wako, niliyekula kwako tangu sina meno, nilinyamaza. Ulipougua nilijidanganya kwamba hujui, na kwamba nitakwambia ukipona. Hukupona.

Kumbe ulijua. Bila shaka uliiokota kulekule msituni walikoiangusha, kati ya mizoga, maana pembeni ina doa la damu. Ulijua siku ile mkekani. Ulijua uliponitaja nirithi jina. Na kila nilipopanda kukujulia hali ulikuwa ukiniuliza tu, "Sanduku halijambo?" Nami nasema halijambo, naangalia pembeni. Miezi yote ile ulikaa kimya ukiningoja, kama ulivyonifunza kuwangoja mbega, nami sikushuka mtini. Naona haya, Mjomba. Naona haya hata kuandika jina langu chini ya barua hii, kwa hiyo sitaliandika.

Kesho, kabla bangili haijagusa mkono wangu, nitaiweka picha hii mkekani niseme yote, mama akisikia, mke wangu na wanangu wakisikia. Wakininyima jina, haki yao. Wakinifukuza, nitafunga mzigo. Lakini watajua nani alinyoosha kidole, na jina lako litatoka pale halina doa. Hilo nakuahidi.

Sanduku sitalitupa. Bado sijajua kukaa, na nina nywele nyeupe tayari. Nitarudi kwa vinyonga wa mgombani kwako, nianze mwanzo. Watu wanasema mbega wawili wameonekana tena kule msituni. Wakiniuliza ni upande gani, sijui.

Nikimaliza kusema kesho, nitakuja kaburini. Nitasimama mbali kidogo kwanza, kama nje ya kizingiti, kisha niingie upya. Hapo ndipo nitakuamkia, uitikie au usiitikie.

Lala salama, Mjomba.