Cheni Nimeisafisha, Funguo Simpi Binamu

Nyumbani, Jumatatu asubuhi

Kaka mpendwa,

Aliyekwambia nimemwangusha shangazi kaongeza chumvi. Cheni ilichomoka mteremkoni, gurudumu la nyuma likakwama, nikaing'ang'ania pikipiki mpaka ikasimama. Shangazi kashuka kwa miguu yake mwenyewe. Kilichoanguka ni kikapu cha mayai.

Nisamehe, nimekimbilia habari kabla ya salamu. Hujambo? Kifua kimepona? Sisi huku wazima, ila mimi sijatulia tangu upige simu useme funguo za pikipiki yako nimpe binamu.

Kwenye simu maneno yalinikwama, si unanijua. Ndiyo maana naandika. Kosa ni langu, kaka. Ulipoondoka ulisema, "Cheni isikauke." Basi kila asubuhi nikawa naimwagia oili, juu ya vumbi la jana, juu ya oili ya juzi. Nilidhani naitunza, kumbe naisaga. Nilisikia inalia, nikaona aibu kuuliza.

Fundi alipoifungua alicheka mpaka spana ikamdondoka. "Dogo, kwa udongo huu si unapanda mahindi kabisa!" Imelika yote, kafunga mpya.

Sikuondoka pale. Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikaiangalia mikono yake, nikajikaza nikauliza. Sasa nazima injini kwanza, maana kidole kikikatika hakioti. Napiga brashi na mafuta ya taa, nafuta mpaka kitambaa kitoke kisafi, ndiyo natia oili kidogo upande wa ndani, huku nazungusha gurudumu kwa mkono. Inayobaki nje naifuta, isije ikabeba vumbi.

Wiki ya tatu hii, haijalia hata mara moja.

Binamu anaendesha kunishinda, sibishi. Lakini huyo hata kioo hafuti. Kaka, funguo simpi mpaka uje uikague kwa macho yako. Ukiikuta chafu, nitakupa funguo mkononi na sitasema neno.

Mama anakusalimu sana, na fundi pia. Mungu akutangulie huko kazini.

Ningeendelea, ila shangazi yuko mlangoni na mkoba wake, anatakiwa kupimwa presha saa tatu. Binamu kajitolea kumpeleka, kajibiwa, "Wewe kaa. Namngoja yule anayenuka mafuta ya taa." Acha nitoke, nisimcheleweshe.

Mdogo wako akupendaye, asiye na maneno