Asali Niliyotia kwenye Chupa za Utafiti wa Mjukuu

Mpendwa Shangazi Faustina, naomba msaada, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kunitukana, maana mimi ni mzee wa miaka sabini na nne, shule niliishia darasa la nne, si kwa ujinga ila mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na mbio, nikaingia kugema ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwa baba yangu, katikati hapo nikapakia magogo miaka kumi na mmoja kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo, nikarudi kwenye mianzi yangu hapa hapa Mufindi, na kwa ulanzi huo nimesomesha watoto wanne na mjukuu mmoja ambaye nitamwita Lea. Jina lake la kweli nimelificha. Kuficha nakujua, utaona mwenyewe.

Huyu Lea ni msomi wa sukari. Na mimi nilicheka kama unavyocheka wewe sasa. Aliponiambia anaisomea huko Mbeya mpaka aitwe daktari nilimwuliza, "Mke wangu, sukari nayo inasomewa? Mbona Premji wa dukani anaijua yote na hana hata cheti?" Akanijibu, "Babu, hata yale magogo uliyokuwa unapakia ni sukari, zimeshikana mikono nyingi sana mpaka zikawa mti." Nikamwambia basi mchwa ndio maprofesa wa kwanza. Akacheka mpaka akamwaga chai. Tangu bibi yake afariki hakuna mtu mwingine anayekuja kukaa kwangu kila likizo, wengine wanatuma salamu.

Sasa sikiliza. Masika ya mwaka juzi alikuja na chupa ndogo ndogo, akawapa wagema kumi hapa kijijini, akasema kila alfajiri mtu ajaze chupa yake ulanzi ule mbichi uliodondoka usiku, ambao haujaanza kuchacha, aweke kwenye deli la barafu, siku kumi na nne, anataka kujua mianzi yetu inatengeneza sukari za namna gani. Mimi mwaka ule mianzi yangu ilikuwa imezidiwa na mvua, na jirani yangu Vitus, mgema mwenzangu na adui yangu wa siku zote, akaonja mbeta yangu, kile kipande cha mwanzi ninachokingia ulanzi, mbele ya watu akatema pembeni akasema, "Mzee, haya ni maji ya kunawia. Msomi wako akipima hapa atakuta mvua." Watu wakacheka, na mjukuu wangu alikuwepo naye akacheka.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila hawakusema mgema akichekwa anatia nini. Mimi nilitia asali. Ile ya nyuki wadogo wasiouma, wamejenga kwenye nguzo ya zizi langu, kijiko kimoja cha chai kila chupa, nikatikisa, nikafunga. Nilitaka tu ulanzi wangu uandikwe mtamu kuliko wa Vitus, hayo tu, nife na hiyo.

Baada ya miezi miwili Lea akapiga simu. "Babu, umekaa?" Nikasema nimekaa, nani kafa. "Hajafa mtu. Mianzi yako ina sukari ambayo ya wenzako tisa haina hata chembe. Na hata vitabuni sioni mwanzi wenye sukari hiyo." Shangazi, nilicheka peke yangu mpaka mbuzi wakanishangaa, nikasema nitamwambia likizo akija, tucheke wote. Likizo akaja, nikamkuta ameshamwambia mwalimu wake, ameshaandikiwa fungu la pesa za utafiti, na macho yake yanang'aa kama ya bibi yake siku ya ndoa yetu. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho hiyo ina miaka miwili.

Kumbe msomi wa sukari akiona sukari asiyoitegemea haamini macho, lazima aijenge yeye mwenyewe maabara, kipande kwa kipande, kisha aweke yake kando ya ile ya kwenye chupa aone kama ni mapacha. Na kuijenga siyo kukoroga. Alinieleza hivi: sukari moja ina mikono mingi na yote ina kiherehere, ukitaka ishike mwenzake kwa mkono mmoja tu, lazima hiyo mingine uivike soksi, ukishaziunga unavua soksi moja moja bila kukivunja kiungo. Shangazi, mjukuu wangu amevika soksi na kuvua miaka miwili. Mara ikageuka lami. Mara ikashika kwa mkono usio wake akaanza upya. Akakonda, akavunja uchumba na Lugano, kijana mzuri tu, kwa sababu hakuwa na Jumapili. Mwezi wa kwanza akanipigia analia, nikajua amefukuzwa, kumbe imekubali, ni mapacha kabisa. Mimi nikalia pia, yeye hajui kwa nini.

Wiki iliyopita amekuja na karatasi kubwa ya kutundika ukutani kwenye mkutano Mbeya mwezi ujao, watakuwepo watafiti wa kila aina, wa mpunga kutoka Ubaruku, wa malaria, wa udongo, na katikati ya karatasi niko mimi nimeshika mbeta nacheka, chini imeandikwa kwamba mianzi yangu ndiyo inayotengeneza sukari hiyo. Akasema, "Mbona umeganda, babu? Umeona ulivyo mzuri?"

Halafu akatoa chupa saba mpya. Mwalimu wake anataka kipimo kirudiwe masika haya kabla ya mkutano, na safari hii ni mianzi yangu tu. Jumamosi zinapanda basi kwenda Mbeya. Tano zimeshajaa, sijatia kitu, na chupa ya asali iko pembeni ya deli inanitazama. Nikitia, uongo unaota mguu wa pili. Nisipotia, kipimo kinarudi bila ile sukari na mjukuu wangu anaonekana mwongo mbele ya wataalamu. Usingizi sina, ulanzi siunywi, Vitus ameniuliza kama naumwa, ujue hali ni mbaya.

Nitie au nisitie? Na kama ni kutia, kile kijiko kilikuwa cha kujaa au cha kufuta, maana sikumbuki.

Mgema, Mufindi

Shangazi Faustina anajibu

Shikamoo, mzee. Naitoa mapema kwa sababu nikifika mbele sitaweza.

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Miaka kumi na tisa nasoma barua za watu walioiba waume, mashamba na vyeti vya kuzaliwa. Hii ni ya kwanza ya mtu aliyemwibia mjukuu wake miaka miwili kwa kijiko cha chai. Na bado unaniuliza cha kujaa au cha kufuta! Weka hicho kijiko chini, babu. Sasa hivi, kabla ya mstari unaofuata.

Najua hukukusudia. Ulichekwa mbele ya mtoto uliyemlea, na yeye akacheka, hapo ndipo palipouma, si kwa Vitus. Nakuelewa. Lakini utani una muda wake kama ulanzi wako ulivyo na muda wake. Ungesema siku ile ile ya simu, mngecheka. Umeuacha umechacha.

Nilimpigia mkemia mmoja ninayemfahamu, Gwakisa. Sikutaja mkoa wala mmea. Akasema, "Dada, huyo mzee anaelewa kwamba kuna siku mtu mwingine atakwenda kwenye mmea huo huo na chupa yake mwenyewe? Asipoikuta, hakuna atakayemwuliza babu. Watamwuliza binti." Kwa hiyo ukitia asali safari hii humwokoi, unaahirisha tu siku ya kuvuliwa nguo, na siku hiyo huenda wewe uko makaburini umestarehe.

Nikamwuliza, sasa miaka miwili ya soksi yote imekwenda na maji? Akasema hapana. Sukari aliyoijenga ni ya kweli, na imejengwa kwa mikono yake. Amekosea mzazi wa sukari hiyo tu. Si mmea, ni nyuki. Akaongeza kwamba sukari za nyuki hao hazijachunguzwa zikaisha, na kwamba yeye angependa kuiona hiyo asali. Nakueleza hili ili usijinyonge. Sikuelezi ili ufurahi. Binti bado atalazimika kumwambia mwalimu wake kwamba karatasi ile haifai kutundikwa, na hiyo aibu umemtengenezea wewe, tena yeye ndiye atakayeibeba, kwa sababu ni yeye aliyeamini chupa za babu yake bila kugema mwenyewe. Hilo kosa lake atalijua bila wewe kulitaja. Usithubutu kulitaja.

Kwa kuwa Jumamosi haingoji gazeti, jibu hili nakutumia kwanza kwa mkono wa kondakta yule yule aliyeniletea barua yako, litachapwa baadaye. Fanya hivi.

Jaza hizo chupa mbili zilizobaki kwa ulanzi mtupu. Ukiwa mwepesi kama maji ya kunawia, ndivyo ulivyo, na Vitus alikuwa na haki. Chukua chupa ya nane, safi, ujaze asali kutoka nguzo ile ile ya zizi, uandike juu yake kwa mkono wako ni nini na ulitia kiasi gani. Hukumbuki kijiko, andika hukumbuki. Usizitume kwa basi peke yake, wala usipige simu. Panda wewe na deli lako. Umepakia magogo miaka kumi na mmoja, utapakia na hili. Na uende sasa, mkutano ukiwa bado mwezi mzima, ili apate muda wa kukasirika na muda wa kurekebisha.

Ukifika mlangoni kwake usianze habari za mvua wala mbuzi. Sema, "Asali niliitia mimi," kisha ufunge mdomo. Akilia, usimbembeleze. Akikwambia uondoke, kuna nyumba za wageni stendi, lala huko, asubuhi rudi, maana mwalimu wake atataka kusikia kwa mtu aliyeshika kijiko, na mtu huyo ni wewe, si yeye.

Tena siku hiyo usimwite "mke wangu". Mwite kwa jina alilobatizwa. Ngoja mpaka yeye ndiye aanze kukutania, na kama itachukua masika mawili, gema ulanzi wako na ungoje.